Inchi ya Kreta

Niliambiwa kwamba jinzi yoyote ikivuka geti la Ngorongoro kupanda juu kwenye kreta, hupungua inchi moja kwa sababu ya baridi, nami nikaamini. Sikuamini nusunusu. Niliamini kama mtu anavyoamini kwamba kesho kutakucha, na kwa imani hiyo nikakata, nikakunja na kushona suruali za nusu ya wilaya, tangu nikiwa na nywele hadi leo ambapo kichwa changu kinang'aa kuliko pasi mpya.

Sasa nimestaafu. Mafundi vijana mliobaki pale kibarazani mmeniambia, "Mzee, andika, usije ukaondoka nayo yote." Haya, naandika. Mambo ya mapato yangu, na jinsi nilivyopanda cheo kutoka kigoda cha mbao hadi kiti cha plastiki, nayaruka. Mnataka jinzi, nitawapa jinzi.

Nilishuka Karatu kutoka Rhotia nikiwa kijana, na ndoto yangu ilikuwa suti. Nilijiona nikiwashonea maharusi makoti, mabega yamekaa sawa, watu wakiuliza, "Nani fundi?" Nikapokelewa na Mzee Gwandu, fundi aliyekaa mkabala na wauza mtumba, mtu mwenye vidole vinene na maneno machache. Siku ya kwanza hakunipa mkasi. Alinipa suruali ya jinzi, nzito kama mlango, na nyundo.

"Nyundo ya nini, mzee?"

"Ya kushonea."

"Mzee, mimi nimekuja kujifunza cherehani. Useremala ningebaki kwa mjomba."

"Basi shona bila nyundo," akasema, akaendelea kunywa chai yake.

Nikakanyaga cherehani kwa mbwembwe. Ilipofika pale mshono wa pembeni unapokutana na pindo, penye tabaka za kitambaa zilizobebana, sindano ikalia *tah!* na kipande kikaruka. Nadhani kilitua Endabash, kijiji kingine kabisa, maana mpaka leo hakijaonekana. Mzee Gwandu akaweka kikombe chini, akaja, akauweka ule mshono juu ya jiwe, akaugonga taratibu kwa nyundo mpaka ukalala kama chapati. Kisha akakunja kipande cha jinzi chakavu, akakiweka nyuma ya mguu wa cherehani ili mguu usiiname, akauzungusha mtambo kwa mkono, tundu moja baada ya jingine. Sindano ikapita kama kisu kwenye parachichi.

"Karibu kazini," akasema.

Vijana wangu, kama mtasoma mpaka hapa tu, inatosha: gonga kwanza, weka sindano nene, na penye kilima cha mishono usikanyage, zungusha kwa mkono. Nimewaona mnakimbiza mota za umeme juu ya mishono minne. Sindano mnazovunja zingetosha kujenga uzio.

Ile habari ya kreta niliipata mwaka huohuo. Kulikuwa na dereva wa lodge moja ya watalii kule juu aitwaye Josefu, mtu wa maneno makali na moyo laini. Nilimkunjia pindo la jinzi aliyoinunua mtumbani, ikakaa juu ya kiatu chake vizuri mpaka nikajisikia kuimba. Baada ya muda akarudi, vifundo vya miguu viko nje kama mtu aliyevuka mto.

"Fundi, umenilia kitambaa changu!"

"Josefu, kitambaa kinaliwa?"

"Wewe unajua ulikokipeleka. Tazama! Watalii wananipiga picha, wanadhani ni mavazi ya kabila."

Nikaipima. Kweli, inchi nzima haipo. Pindo ni langu, uzi ni wangu, hakuna aliyeligusa. Nikabaki nimeshika futi kamba kama daktari aliyekosa mapigo. Kwenye benchi alikuwepo dereva mwingine, mzee kidogo, anasubiri kiraka. Akasema bila kuinua macho, "Hiyo ni baridi ya kreta. Kule juu kila kitu hujikunyata. Hata mimi nikiwa kule nakuwa mfupi."

Watu wote wakacheka isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa napiga hesabu.

Nikaanza kufuatilia. Jinzi za watu wa Karatu mjini: zinarudi vilevile. Za Endabash: vilevile. Za wanaoishi na kufanya kazi juu, kwenye ukungu ule unaoingia mpaka kwenye soksi: zimepungua, kiunoni na urefuni! Si moja, si mbili. Ningefanyaje nisiamini? Nikamuuliza Mzee Gwandu. Akasema, "Mteja wa juu akitaka inchi, mpe inchi." Hakusema ndiyo wala hapana, na yule mzee akinyamaza ilikuwa kama muhuri.

Basi ikazaliwa inchi ya kreta. Mteja akiingia, swali langu la kwanza lilikuwa, "Unaishi chini au juu?" Wa chini alipimwa sawasawa. Wa juu aliachiwa inchi moja kiunoni na inchi moja urefuni. Wakawa wananisifu! "Fundi yule anajua, suruali zake zinakaa." Sifa zikafika Oldeani, zikavuka mashamba ya kahawa, zikazidi mpaka mimi mwenyewe nikaanza kujiogopa.

Kisha nikaenda shule ya jioni. Nilikuwa na mke na watoto, na nilikaa dawati la mbele nikiwa na uzi begani. Siku mwalimu wa fizikia aliposema kwamba chuma kikipata joto hutanuka na kikipata baridi hupungua, nilisimama kwa furaha mpaka dawati likaanguka. "Mwalimu! Na jinzi?" Akauliza jinzi imefanyaje. Nikamweleza darasa zima likisikiliza. Alikuwa amechoka, amefundisha tangu asubuhi. Akasema, "Inawezekana." Vijana, kwangu neno lile lilikuwa shahada. Nikamaliza kidato cha nne nikiwa fundi wa kwanza Karatu, na labda duniani, mwenye ushahidi wa kisayansi.

Miaka ikapita na mitindo ikapita nayo. Zikaja bwanga, miguu mipana kiasi kwamba kuku angeweza kutagia ndani. Zikaja modo, za kubana, mteja anavaa kwa kusaidiwa na ndugu. Ikaja kata kei, na hapo nilibishana na vijana kwa sababu walinilipa nishushe kiuno ambacho mama zao wangenilipa nikipandishe. Nilichojifunza katika yote hayo ni kwamba mteja hapimwi akiwa amesimama kama askari wa gwaride. Mtu wa bodaboda nilimpandisha kwenye benchi, ashike usukani wa hewa, apinde kona. Mfugaji nilimwambia, "Chuchumaa kama unakamua." Suruali isiyoweza kuchuchumaa ni pazia tu.

Kiuno ndicho kinachowashinda wengi wenu. Mnakunja nyuma, mnapiga mshono mmoja juu ya mkanda, mteja anatoka na kipindo mgongoni kama mkia wa mbuzi. Hapana. Fumua lupu ya katikati, kile kitanzi cha kupitishia mshipi, fumua mkanda, fumua mshono wa makalio kwa wembe na subira, punguza kwa umbo la kabari, rudisha kila kitu mahali pake kwa uzi wa rangi ileile ya chungwa. Lakini msizidishe. Ukivuta sana, mifuko ya nyuma husogeleana kama majirani wanaosengenya. Ikihitaji zaidi, gawanya, chukua kidogo pembeni pia.

Na pindo la kiwandani, lile lililopauka vizuri, usilitupe! Kunja suruali kwa nje, piga mshono ukiambaa ukingo wa lile pindo, kata kinachozidi, geuza, piga pasi. Pindo linabaki lilelile, na mteja anaapa kwamba alizaliwa na urefu huo.

Nyumbani nako, waambieni watu: jinzi si shati. Haifuliwi kila jioni. Vumbi letu jekundu likikauka, likung'ute, usilisugue likiwa bichi, utalipaka kama rangi mpaka kwenye mifupa ya kitambaa. Ukiifua, igeuze ndani nje, funga zipu na kifungo, sabuni kidogo, maji yanavyotoka bombani, na brashi ile ya kusugulia viatu iache ipumzike. Anika kivulini, uishike kwa miguu, kiuno chini, uzito wake wenyewe uinyooshe. Wengine huloweka chumvi eti rangi isichuje. Nimejaribu chumvi ya kutosha kuunga mchuzi wa harusi. Rangi ilichuja, na suruali ikawa tayari kuliwa.

Sasa nije kwa kazi yangu ya mwisho kubwa, niliyoifanya nikiwa tayari nahesabiwa mstaafu.

Aliingia kijana wa Kimaasai, Meliyo, mrefu kiasi kwamba aliinama mlangoni na alipoinuka bado alikuwa ameinama. Baba yake yuko kijijini Arash na ng'ombe, yeye na mama yake wana boma juu, si mbali na ukingo wa kreta. Amesomea udereva, ana leseni, na lodge moja kule juu inatafuta dereva. Meneja amesema waombaji watafanyiwa jaribio Ijumaa asubuhi, kila mmoja aje na jinzi nyeusi au ya buluu iliyokolea, safi, inayomkaa, kwa sababu shuka hunasa kwenye gia na wageni hupenda dereva nadhifu. Nafasi ni moja, vijana ni wengi, na Meliyo alikuwa ameshakosa nafasi kama hiyo kwingine.

"Ero, kijana wangu, nenda mtumbani uchague," nikamwambia.

"Nimezunguka mnada mzima, fundi. Zote zinaishia hapa." Akaonyesha katikati ya muundi. "Ninayo hii tu."

Akafungua mfuko. Vijana, moyo wangu uliruka! Ilikuwa jinzi mpya kabisa, haijaonja maji, rangi ya usiku, ngumu hivi kwamba ukiiweka sakafuni inasimama yenyewe na kukusalimia. Mgeni mmoja mrefu alimpa kaka yake Meliyo zawadi. Kaka akaitunza kwa ajili ya siku kubwa, na siku kubwa ilipofika tumbo nalo lilikuwa limekuwa kubwa. Urefu ulimtosha Meliyo. Kiuno kingeweza kubeba Meliyo na ndugu zake wawili. Karatu nzima hakukuwa na jinzi nyingine yenye miguu ile. Nikiikosea, hakuna ya pili.

Nilifanya kazi ile kwa furaha. Niligonga mishono yote, nikafumua, nikagawanya nyuma na pembeni, mifuko ikabaki mahali pake kwa heshima. Alikuja kujaribu, akashuka kwenye benchi, suruali ikashuka naye.

"Fundi, inanidondoka. Na huku chini naikanyaga."

"Unaishi wapi?"

"Juu."

"Basi tulia. Hiyo ni inchi ya kreta. Ikivuka geti itajikunyata yenyewe. Na nakuonya, usiifue kwanza! Itachuja. Uende jaribioni na rangi hiihii."

"Sitaifua," akasema, akaondoka ameishika kiuno kwa mkono mmoja.

Jumatano jioni akanipigia. "Fundi, bado."

"Umevuka nayo geti?"

"Nimevuka, nimelala nayo. Bado inadondoka."

"Kitambaa kipya ni kikaidi. Ianike nje usiku, ipate baridi ya kutosha."

"Nje kuna fisi, fundi."

"Fisi havai jinzi. Anika!"

Alhamisi asubuhi sikusubiri, nilimpigia mimi. "Imepungua?"

"Imelowa ukungu tu. Nimeikausha kwenye moto. Nimejaribu kukanyaga klachi kwenye gari la jirani, pindo likanasa chini ya kisigino. Gari likaruka kama swala. Jirani amenifukuza. Fundi, kesho nikiwa hivyo mbele ya meneja, imekwisha. Nitarudi Arash."

Sikuwahi kupata baridi mwilini kama ile, na nilikuwa chini, Karatu, kwenye jua. Nikaichukua cherehani ya mkono aliyoniachia Mzee Gwandu, nikaifunga kwenye gunia, nikatia nyundo, wembe, uzi na jiwe langu. Ndiyo, jiwe langu, kana kwamba kule juu hakuna mawe! Gari la siku hiyo lilikuwa limeshaondoka, kwa hiyo Ijumaa alfajiri nikapanda gari linalowapeleka wafanyakazi wa lodge. Dereva akaniuliza napeleka nini. Nikasema, "Hospitali."

Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ungeweza kuukata ukaushona koti. Bomani nikapokelewa na mama yake Meliyo mlangoni, mwanamke mrefu kama mwanawe, shanga shingoni, simu mkononi.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimu kwa Kimaasai; yeyo ni mama.

"Iko," akaitikia. "Wewe ndiye fundi wa inchi?"

"Ndimi."

"Ingia basi, uichukue inchi yako. Mtoto anachelewa."

Meliyo akasimama karibu na moto, nikapiga magoti nikiwa na pini mdomoni. Nikapima kila mahali mara mbili. Hakuna kilichopungua hata uzi! Nikamchuchumaza, nikamkalisha kwenye kigoda, nikampa sufuria ashike kama usukani na kipande cha kuni akanyage kama klachi. Yeyo akawa anacheka mpaka anafuta machozi kwa ncha ya shuka, lakini macho yake hayakutoka kwenye pindo.

"Itawahi?" akauliza.

"Itawahi."

"Ulisema pia itapungua."

Nikashika mkasi. Nikaiondoa inchi ya kreta kiunoni, kwa mara ya kwanza maishani nikiwa juu kwenye kreta yenyewe. Nikagonga mishono kwenye jiwe, ndama wakashtuka. Pindo nililipandisha kwa mtindo wa kulihifadhi, nikazungusha mtambo kwa mkono pale penye kilima, vidole vimekufa ganzi, na sindano haikuvunjika. Nasema haikuvunjika! Meliyo akaivaa, akapiga hatua, akaruka. Kule kuruka kwao mnakujua. Suruali ikaruka naye na ikarudi naye.

Tulisimama mimi na yeyo kando ya uwanja wa magari wa lodge, tumeegemea uzio. Vijana walikuwa kama kundi la mbuzi kwenye lambo, kila mmoja anataka kwanza. Mmoja alizima gari mlimani. Mwingine alikuwa hodari lakini jinzi yake ilipasuka alipoinama kubadilisha tairi, na sauti ile niliitambua: mshono wa makalio uliopigwa mara moja tu. Sitasema ni wa fundi gani. Yuko kibarazani pale na anajijua.

Zamu ya Meliyo ikafika. Akapanda kwa hatua moja. Mguu ukaenda klachi, ukatoka, ukaenda tena, safi. Akapanda kilima, akarudi kinyumenyume kati ya nguzo mbili kama anaingiza uzi kwenye sindano. Kisha tairi. Akachuchumaa. Nilifumba macho. Yeyo akanishika mkono kwa nguvu mpaka nikayafumbua tena. Kijana alikuwa amechuchumaa kama anakamua, nati zinatoka, jinzi imetulia.

Meneja akamwangalia kuanzia viatu mpaka shingoni, na kwa urefu ule ilikuwa safari. "Wewe," akasema, "Jumatatu uje na hiyohiyo."

Yeyo alipiga vigelegele mpaka nadhani vifaru kule chini kwenye kreta waliinua vichwa. Mimi nilirusha kofia yangu ikaingia kwenye gari la watalii, na mpaka leo sijui imefika nchi gani.

Tulirudi bomani kunywa chai ya maziwa. Meliyo alikuwa nje anawapigia simu Arash, anaongea Kimaasai kwa kasi na kucheka. Mimi nilikaa na kikombe, furaha imejaa, lakini kitu kimoja kinanikereketa.

"Yeyo," nikasema, "nimeshona jinzi za watu wa juu maisha yangu yote. Zote hupungua inchi. Hii imelala kwenye baridi, imeanikwa kwenye ukungu, imegoma. Kitambaa hiki kimetengenezwa na nini?"

Akanitazama aone kama natania. Alipoona sitanii, akaweka birika chini.

"Fundi, baridi haipunguzi suruali. Huku juu maji yanauma mikono, kwa hiyo tunafulia maji ya moto. Hayo ndiyo yanayoipunguza. Hii ulisema isifuliwe, sikuifua." Akainua macho kuelekea nje, kwa mwanawe. "Na sasa umeikata sawasawa, kwa hiyo nitaifua kwa maji baridi."